Bastola ya .22 ya bei nafuu: inapiga wapi, na inafaa kwa nini

Ujumbe unaonifikia siku hizi ni wa aina moja. Vijana wa Mtwara mjini, na hata watu wazima kutoka Masasi na Newala, wananiuliza kuhusu zile bastola ndogo za silinda zinazouzwa Marekani kwa dola 150 au 200. Je, kweli zinapiga pale mtu anapolenga, au ni pesa ya kutupa? Jirani yangu hapa Mikindani, mzee mstaafu wa bandarini, naye kaniuliza swali hilo hilo tukiwa kibarazani. Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka kurudia, kwa hiyo leo naandika yote.

Jibu langu ni kwamba zinapiga. Zinapiga vizuri kuliko mikono ya wengi wanaozishika, na kwa mtu anayetaka kujifunza shabaha kwa raha yake siioni silaha nyingine inayorudisha thamani ya pesa kama hii.

Kwanza nieleze nimezijulia wapi. Mimi ni muuguzi. Niliishi Tallahassee, Florida, kwa miaka kadhaa, nikihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea. Mwenzangu wa zamu ya usiku, mama wa makamo aliyekulia shambani, ndiye aliyenipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Akanipa bastola yake ya Heritage Rough Rider na boksi la risasi, akasimama nyuma yangu bila kusema neno. Baadaye nilinunua yangu, Ruger Wrangler, kwa kibali changu cha ukaazi wa kudumu na kwa kufuata taratibu zao zote. Niliiuza kihalali kabla ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya bastola hizo mbili, nilizozizoea mpaka nikazijua tabia.

Zote mbili zimefuata umbo la ile Colt ya mwaka 1873, ya wachunga ng'ombe. Nyundo unaivuta kwa dole gumba kila mara kabla ya kufyatua. Silinda ina matundu 6, na haifunguki kando. Upande wa kulia kuna kilango kidogo; unakifungua, unaingiza risasi moja, unazungusha, unaingiza nyingine. Kutoa maganda ni hivyo hivyo, moja baada ya jingine, kwa kusukuma kijiti kilicho chini ya mtutu. Anayependa kupiga haraka haraka ataona ni kero. Mimi naona ndiyo sifa yake kubwa, na nitaeleza kwa nini.

Risasi zake ni .22, yaani zenye kipenyo cha sehemu 22 za mia za inchi hivi, na ni za kupigwa ukingoni. Fataki yake haipo katikati ya kitako cha ganda kama kwenye risasi kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, kuzunguka duara lote, kwa hiyo pini ikigonga ukingo popote pale inalipuka na kuwasha baruti. Smith & Wesson walianza na ile fupi, .22 Short, mwaka 1857. Hii ndefu tunayoitumia leo, .22 Long Rifle, ilitoka mwaka 1887. Ganda lake halijazwi tena likishapigwa, lakini utengenezaji wake ni wa gharama ndogo sana, na kichwa chake cha risasi cha kawaida kina uzito wa gramu 2.6 tu. Mkono hausukumwi. Unasikia mlio, unaona tundu kwenye karatasi, bastola iko pale pale ilipokuwa.

Sasa unafuu unatoka wapi? Ruger walipoitoa Wrangler mwaka 2019, bei waliyoitangaza ilikuwa chini kidogo ya dola 250, na dukani hushuka zaidi. Rough Rider ni nafuu kuliko hiyo. Wakati huohuo Ruger wenyewe wanatengeneza Single-Six, ya tangu mwaka 1953, inayopiga risasi hizo hizo na kuuzwa zaidi ya mara mbili ya Wrangler. Tofauti ipo mahali unapoweza kuigusa. Fremu ya Single-Six ni ya chuma. Ya Wrangler ni ya aloi ya alumini, na ya Rough Rider ni ya aloi ya zinki. Wrangler haikung'arishwa, imepakwa rangi ngumu inayoitwa Cerakote. Kilengeo cha nyuma si kifaa cha kufungwa kwa skrubu, ni mfereji tu uliochongwa juu ya fremu, na cha mbele ni kibapa kisichosogea. Lakini mtutu ni wa chuma, silinda ni ya chuma, na mistari ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, imetengenezwa sawasawa. Wamebana matumizi pale ambapo risasi haipiti. Ndiyo maana nasema bei ndogo haijaila shabaha, imekula urembo na urahisi wa kurekebisha.

Rough Rider zinatengenezwa Bainbridge, Georgia, mji ambao kutoka Tallahassee ni mwendo wa chini ya saa moja hivi kwa gari. Watu wa kule wanazipenda kama watu wa huku wanavyopenda korosho ya kwao, na hawakubali kuambiwa kuna nyingine bora.

Nije kwenye shabaha yenyewe. Nilipoipata Wrangler niliiweka mezani juu ya mfuko wa mchanga, viwiko vimetulia, sahani ya karatasi ikiwa mita 10 mbele. Nilichukua rangi ya kucha, nyekundu, nikatia nukta ndogo kando ya tundu moja la silinda ili nilijue ndilo la kwanza. Halafu nikapiga kila tundu peke yake, mara kadhaa, kila moja na karatasi yake. Kazi hii inataka subira, lakini inakuonyesha jambo ambalo watu wengi hawalijui: bastola ya silinda ina vyumba sita vya risasi vinavyopokezana mtutu mmoja. Kila chumba lazima kisimame sawa na mtutu nyundo inapoanguka. Kikipinda hata kidogo, kichwa cha risasi kinaingia kwenye mtutu kikiwa kimekwaruzwa upande, na kinatoka na makosa yake. Kwenye yangu, matundu matano yalikuwa yakipiga karibu mahali pamoja, na moja lilikuwa likitupa juu kidogo kulia. Nililijua, basi. Nilipotaka kupiga kwa makini nililiacha tupu.

Kwa mpangilio huo wa mezani, mita 10, risasi zilikaa ndani ya duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha kahawa. Mita 25 duara lilipanuka, mara sentimita 6, mara 9, kutegemea risasi. Nikisimama wima na kushika kwa mikono miwili, duara lilikua zaidi, na ukuaji ule ulikuwa wangu. Kuna bastola za Smith & Wesson za .22, kama ile Model 617, zinazobana zaidi ya hapo, na triga yake ni laini ajabu. Ni kweli. Ila bei yake inanunua Wrangler tatu na chenji ya risasi inabaki, na tofauti yenyewe kwa mtu anayepiga makopo na sahani za karatasi utaitafuta kwa tochi.

Risasi ndizo zinazobadilisha mambo kuliko bastola. Nilijaribu chapa mbalimbali na kuona bastola moja, mkono mmoja, siku moja, duara linapanuka karibu mara mbili kwa kubadilisha boksi tu. Zile za mwendo wa wastani zilinipendeza kuliko zile za kasi kubwa. Na bastola ya silinda haichagui, kwa kuwa haitegemei nguvu ya risasi kujiendesha: .22 Short inapita, .22 Long inapita, hata zile za kimya zenye baruti kidogo zinapita. Bastola ya magazini ingekwama. Anayenunua bastola hizi anunue maboksi madogo ya chapa tofauti kwanza, apige, atazame, kisha arudi kununua kwa wingi ile ambayo silaha yake imeipenda.

Kuna kitu kimoja kinachowafanya watu wazilaani bastola hizi bila haki, nacho ni vilengeo. Kwa kuwa havisogei, bastola ikitoka kiwandani inapiga chini, itabaki kupiga chini. Mtu anapiga boksi moja, anaona risasi zote ziko sentimita 6 chini ya alama, anasema bastola mbovu. Bastola inayoweka risasi zote mahali pamoja si mbovu hata kidogo; inapiga sawasawa mahali pengine. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kwenye bastola fupi kama hii ni sentimita 15 na ushee. Piga hesabu: kilengeo cha mbele kikizidi urefu kwa milimita 1, kwa mita 10 risasi inashuka sentimita 6 na nusu hivi. Kwa hiyo dawa ya kupiga chini ni tupa, kile kifaa cha kusugulia chuma. Unakipunguza kilengeo cha mbele kidogo sana, unapiga, unatazama, unapunguza tena. Kilichokatwa hakirudi, kwa hiyo unasimama kabla hujafika, unamalizia kwa msasa. Yangu niliipeleka hivyo mpaka ikapiga pale pale kwa mita 12, kisha nikatia rangi ya kucha ya chungwa kwenye ncha ya kilengeo, maana macho yangu yalikuwa yanaupoteza ule weusi juu ya karatasi yenye kivuli. Kupiga kushoto au kulia ni jambo jingine. Hilo mpe fundi wa silaha, usilitie koleo.

Hesabu ile ile ya milimita 1 inaeleza pia kwa nini mkono unatisha kuliko mtutu. Mtetemo mdogo usiouona unaihamisha risasi kutoka katikati hadi pembeni. Na nyundo ya bastola hizi ina safari ndefu kabla ya kugonga. Ukishavuta triga unatakiwa uendelee kutulia, macho kwenye kilengeo cha mbele, mpaka baada ya mlio.

Hapa ndipo nampenda mjomba wangu. Alikuwa askari wa wanyamapori katika Pori la Akiba la Selous, upande wa Liwale, miaka mingi kabla sehemu kubwa ya pori lile haijawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Alibeba .375 na .458, bunduki za kusimamisha tembo. Nilipomtembelea Masasi nikamweleza hizi bastola ndogo, tukiwa tunamenya ming'oko ya kuchemsha, nilitegemea atazidharau. Hakuzidharau.

"Shikamoo yako nimeipokea, sasa niambie," akasema. "Ilikuwa inakurusha mkono?"

"Hapana mjomba. Hata kidogo."

"Basi umejifunza kulenga. Sisi tulipewa kubwa siku ya kwanza. Bunduki kubwa haimfundishi mtu kulenga, inamfundisha kufumba macho."

Akanieleza walivyokuwa wakihesabiwa risasi: ukitoka na tano, ukirudi, tano zionekane, zilizobaki na maganda ya zilizopigwa. Hakuna aliyepiga kwa kujaribu. Vijana walikuwa wanaingia porini wakiwa wamefyatua risasi chache mno maishani mwao, tena kila moja imewapiga bega. Mjomba anaamini hadi leo kwamba wangepewa kitu kidogo cha kufanyia mazoezi mwanzoni, wengi wangepiga vizuri zaidi, na wanyama waliojeruhiwa na kukimbia wangekuwa wachache. Namwamini kuliko mtu yeyote katika jambo hili.

Kufumba macho anakokusema ndiyo kazi hasa ya bastola ya silinda kukufundisha kuacha. Jaza matundu matatu, acha matatu matupu, zungusha silinda bila kutazama, kisha piga. Nyundo ikiangukia tundu tupu utaona mwenyewe mdomo wa bastola ukizama chini, kwa sababu mkono ulishajiandaa kupambana na mlio usiokuja. Hakuna mwalimu anayeweza kukuonyesha hivyo kwa maneno. Nililifanya zoezi hili kila nilipofika uwanjani, mpaka nikawa navuta triga na kilengeo hakitikisiki. Hapo duara langu la kusimama likaanza kulifuata lile la mezani.

Na ule utaratibu wa kujaza risasi moja moja, niliosema wengine wanauona kero, ndio unaofanya boksi la risasi 50 likuchukue muda mrefu wa kutosha kufikiri. Unapiga sita, unatoa maganda, unatazama karatasi, unajaza. Ukitoka uwanjani umejifunza kitu. Kwa bei za Marekani nilizozizoea, risasi moja ya .22 ilikuwa senti chache tu, na ya bastola ya 9 mm ilikuwa mara tatu au zaidi ya hapo. Mtu anayepiga kila mwisho wa wiki, kabla mwaka haujaisha, tofauti hiyo imeshalipa bastola yenyewe. Ndiyo hesabu yangu ya thamani: nunua silaha nafuu, pesa iende kwenye risasi na kwenye muda.

Mambo ya usalama sitayapitia yote, lakini kama muuguzi kuna ambayo siwezi kuyaruka. Udogo wa .22 unawadanganya watu. Kichwa chake kikirushwa juu kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu na bado kikamjeruhi mtu, kwa hiyo nyuma ya shabaha lazima pawe na tuta la udongo. Mlio wake unaharibu masikio, hata kama hausikiki mkubwa, vaa vizibo. Kati ya silinda na mtutu kuna nafasi ndogo ambayo inatema moto na vipande vya madini ya risasi pembeni, hivyo asisimame mtu ubavuni mwako, na wewe mwenyewe vaa miwani. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana madini yale ya risasi ni sumu, na kwa watoto ni sumu mbaya zaidi. Ukivuta triga na risasi isilipuke, ielekeze bastola kwenye tuta, subiri nusu dakika ndipo ufungue. Na kama bastola yako imekuja na silinda ya pili ya .22 Magnum, risasi za kawaida zisiingizwe humo kamwe. Ganda linacheza ndani ya tundu pana, linapasuka.

Wrangler ina kipande cha chuma kinachoinuka kati ya nyundo na pini pale tu triga inapovutwa, kwa hiyo ikianguka chini hailipuki kwa nyundo kugongwa, na inabebwa na risasi sita bila hofu. Rough Rider yenyewe imewekewa swichi ya usalama ubavuni, kitu ambacho Colt ile ya 1873 haikuwa nacho. Mama yule wa zamu ya usiku hakuitegemea swichi. Alijaza tano na kuiacha nyundo juu ya tundu tupu, na mimi nikishika yake nilifanya vivyo hivyo.

Wanaoniuliza kama bastola hizi zingefaa huku kwetu kufukuza nguruwe pori na nyani wanaomaliza mihogo, naomba mnisikilize. Hazifai. Nguruwe pori akipigwa .22 anaondoka na kidonda, anakufa siku ya tatu kichakani au anamrudia mtu. Kwa jambo hilo nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Na kumiliki silaha yoyote nchini kunasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Leseni inapitia polisi, na hakuna njia ya mkato. Nimeona wodini mkono wa kijana uliopasuliwa na gobore la kienyeji, vidole viwili havipo, na mama yake hataki kusema silaha ilitoka wapi. Msamaha wa kusalimisha silaha ukitangazwa, mwenye nalo alipeleke.

Jirani yangu ana mtoto anayeishi Texas, naye atakwenda kumtembelea mwakani. Ndiyo maana aliniuliza. Nimemwambia kati ya hizo mbili nampendekezea kijana wake achukue Wrangler, kwa ajili ya kile kipande cha usalama na triga iliyo safi zaidi, ila Rough Rider akiipata kwa nusu ya bei asiiache. Ikiwa ya mkononi mwa mtu, aipokee ikiwa tupu na ahakikishe mwenyewe tundu kwa tundu. Avute nyundo polepole mpaka mwisho, aishike silinda kwa vidole na kujaribu kuizungusha: ikicheza sana, arudishe. Arudie kwa matundu yote sita, kwa sababu ubovu unaweza kuwa kwenye moja tu. Amulike ndani ya mtutu kutokea mbele, aone mistari imekaa bila madoa ya kijivu ya risasi iliyoganda. Atazame midomo ya matundu ya silinda, pale ambapo pini hugonga ikifyatuliwa tupu; pakiwa na vishimo, risasi zitaingia kwa shida. Kisha aombe kupiga boksi moja kabla ya kulipa.

Mzee ameyaandika yote kwenye daftari lake.